Jiko la mtungi likipikia gesi ya samadi

Mtungi ulipoisha mwezi Mei, sikuubeba tena kwenye bodaboda kwenda kujaza Tukuyu mjini. Ng'ombe wawili wako bandani, mtambo wa baiogesi nyuma ya banda umeshajaa, na jiko la pleti mbili liko mezani, zima kabisa. Hapa Rungwe nimeona watu wakijenga mtambo, kisha jiko la zamani linaishia stoo. Usilitupe. Kulibadili liwake kwa gesi ya samadi ni kazi ya asubuhi moja.

Gesi ya mtungi ni propani na butani. Ina joto jingi, ndiyo maana hupita kwenye tundu dogo sana. Ya samadi ni methani, kama ile gesi asilia ya Songo Songo, ila imechanganyika na hewa ya ukaa. Methani yenyewe ni kama asilimia 60. Lazima ipite nyingi zaidi ndipo chungu kichemke.

Toa regyuleta, kile kifaa cha mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi. Mtambo hausukumi gesi kwa nguvu ya mtungi, hivyo regyuleta itaikaba tu. Unganisha bomba na jiko moja kwa moja, na valvu iwe karibu na mpishi. Paka povu la sabuni kila kiungo. Likivimba, gesi inavuja.

Sasa geuza jiko, fungua nozeli, vile vipande vya shaba vyenye kitundu. Nunua nyingine dukani utoboe hizo, za asili zitunze. Nilianza na biti ya kutobolea ya milimita 1.5, moto ukawa dhaifu; kwa milimita 2 ukakaa sawa. Panda taratibu, tundu likishapanuka halirudi. Halafu shika kile kibati kinachofunika matundu ya hewa shingoni mwa pleti. Moto ukiwa wa njano na kupaka sufuria masizi, ongeza hewa. Ukiinuka juu ya pleti na kutaka kuzimika, punguza. Unatafuta bluu iliyotulia.

Jiko lenye nozeli hizi lisiunganishwe na mtungi kamwe, moto wake utamfikia mpishi usoni. Langu nimeliandika "SAMADI" kwa rangi nyekundu.

Wiki ya pili, mama mkwe alikuwa anachemsha maziwa, moto ukaanza kuruka: unawaka, unanywea, unawaka. Nikafuata bomba hadi kwenye migomba, nikakuta limelegea na kushuka tumbo. Nilipolifungua pale, maji yalitoka kama kikombe kizima. Gesi hii hutoka na mvuke, na mvuke ukipoa unakuwa maji. Laza bomba kwa mteremko, na mahali pa chini kabisa weka kiungo chenye koki ya kumwagia maji.

Harufu ya yai bovu isikupite hivihivi, hewa yenye harufu hiyo inakula shaba na ni sumu. Pitisha gesi kwenye chupa yenye stili waya za kusugulia sufuria zilizoshika kutu, ubadilishe zikiwa nyeusi. Na gesi ya kwanza kabisa ya mtambo mpya iachie nje bila kuwasha kiberiti, ina hewa ndani na inaweza kulipuka.

Juni na Julai baridi ya huku hupunguza gesi. Mimi huacha ndoo ya maji juani hadi saa nane yapate joto, ndipo nakoroga samadi, ndoo kwa ndoo, na kumimina.