Dalali wa malori: namna ya kuanza kupeleka mizigo Lubumbashi kutoka Dar

Madalali wengi wa malori hapa Dar kazi ya ndani wanaijua vizuri, unapigiwa simu kuna mzigo wa kwenda Mwanza au Mbeya, unatafuta gari, mnakubaliana nauli, unachukua cha kwako na kazi imeisha. Mzigo wa kuvuka boda hauendi hivyo kabisa. Gari utalipata, magari yapo mengi, ila mwenye mzigo wa Congo hakulipi kwa sababu umempatia gari, anakulipa ili mzigo wake usilale njiani, na kinacholaza mzigo mara nyingi ni karatasi. Ukilielewa hilo mapema utajua hela yako unaipata wapi na nguvu zako uziweke wapi.

Kwanza chagua njia moja. Usianze na njia nne kwa mpigo, kila boda ina watu wake na taratibu zake. Kwa Zambia na Congo ya upande wa Lubumbashi na Kolwezi ni Tunduma, Rwanda ni Rusumo, Burundi ni Kabanga, Uganda ni Mutukula, Malawi ni Kasumulu. Rwanda, Burundi na Uganda kuna unafuu kwa sababu ziko kwenye mfumo wa himaya moja ya forodha wa Afrika Mashariki, mambo ya ushuru yanamalizwa mzigo ukiwa bado Dar, ukifika boda mambo yanakuwa mepesi. Lubumbashi ni habari nyingine. Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, sawa, lakini kufika Lubumbashi lazima ukatize Zambia, na Zambia sio mwanachama, kwahiyo una boda mbili, Tunduma/Nakonde (Nakonde ndio upande wa Zambia) halafu Kasumbalesa, ya Zambia na Congo. Mimi ushauri wangu kama mtaji wako hauwezi kukaa muda mrefu bila kulipwa anza na Kigali, ukishazoea ndio uingie Congo. Ila najua wengi mnaitaka Congo kwa sababu mzigo ndio uko huko, basi yanayofuata ni ya njia hiyo.

Jisajili. Wateja wa mzigo wa nje ni makampuni, wana wahasibu, hawatumi hela kwenye namba ya simu ya mtu. Fungua kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukua TIN na leseni ya biashara, fungua akaunti ya dola na ya shilingi. Na usijifanye ajenti wa forodha, hiyo kazi ina leseni yake ya TRA na sheria yake, ukitoa mzigo kwa njia za mkato unaweza kupoteza kila kitu. Wewe tafuta ajenti mwenye leseni hapa Dar, mmoja Nakonde na mmoja Kasumbalesa. Hawa watatu ndio biashara yako, kuliko hata wenye magari. Nenda Tunduma mwenyewe ukawaone kabla hujachukua mzigo wa mtu, ni zaidi ya kilomita 900 najua, lakini ajenti ambaye mmeonana uso kwa uso anapokea simu saa nne usiku, wa kupewa namba tu hapokei.

Sasa gari. Hapa naomba uwe mkali sana. Hakikisha unaongea na mwenye gari au meneja wake, sio dalali mwenzako ambaye naye kapewa na dalali mwingine, maana mzigo ukipotea mnabaki mnanyosheana vidole na hakuna anayemjua mwenye gari. Omba kadi ya kichwa (ile sehemu ya mbele yenye injini) na kadi ya tela, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), bima, na ile kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika) ambayo ndio bima ya ajali kwa mtu wa tatu ukiwa Zambia na Congo (Tanzania ilijitoa COMESA lakini kwenye kadi ya njano bado tupo). Dereva awe na pasipoti isiyokaribia kuisha na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Uliza pia bima ya mzigo, nani anaikata na inalipa hadi kiasi gani, kwa sababu bima ya gari haina habari na mzigo wa mteja wako. Bima ambayo haijaandikwa kwamba inafika hadi Congo, ihesabu kama haipo.

Uzito madalali wanauchukulia poa halafu gari inakwama mizani ya Vigwaza kabla hata haijafika Morogoro. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka mwisho tani 56 jumla, gari na mzigo pamoja, na hiyo ni kwa gari ya ekseli 7. Ile semi ya kawaida ya ekseli 6 ni tani 8 mbele, 18 nyuma ya kichwa, 24 kwenye tela, jumla 50. Toa uzito wa gari tupu, kama ni konteina toa na uzito wa konteina lenyewe, ya futi 20 peke yake ina tani 2 na kitu, ndio unapata mzigo halisi unaoweza kuuza. Na jumla inaweza kuwa sawa lakini ekseli moja imezidi kwa sababu mzigo umesukumwa mbele wakati wa kupakia, kwahiyo siku ya kupakia awepo mtu wako pale, na gari ipimwe kabla ya kutoka mjini. Ubishi wa mizani ya Makambako au Mpemba ukiwa na mzigo wa transiti, yaani wa kupita tu kwenda nje, uliopigwa sili ni ubishi mbaya, huwezi kufungua ukapunguza kama unavyotaka.

Karatasi sasa, na hapa soma taratibu. Ajenti wako wa Dar anafungua dokumenti ya transiti, wenyewe tunaita T1, chini ya bondi yake, yaani dhamana aliyoweka forodha kwamba mzigo utatoka nchini. Kwenye T1 kuna namba ya kichwa na namba ya tela. Zisome herufi kwa herufi na picha za kadi zikiwa mbele yako, na namba ya konteina na ya sili hivyo hivyo. Ikiandikwa T 482 badala ya T 428 gari itafika Tunduma na pale pale itasimama, wa boda hawezi kukurekebishia kwa maneno, inabidi ajenti wa Dar aombe marekebisho kwenye mfumo, na kama ni Ijumaa jioni hesabu hadi Jumatatu. Kitu kingine, kichwa kikifa njiani, tuseme mlima Kitonga, usikubali mwenye gari alete kichwa kingine avute tu aendelee. Forodha wanatakiwa kujua kwanza, dokumenti ibadilike, ndio gari iondoke. Mwambie hivyo kabla ya safari na mwambie na dereva.

Gari ikiwa bado iko barabarani huku Tanzania, tuma nakala zote kwa ajenti wa Nakonde aanze kuandaa transiti ya Zambia, usisubiri dereva afike ndio uanze kuskani. Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja tangu 2019 kwahiyo ukaguzi unafanyika sehemu moja, lakini karatasi ambayo haijaandaliwa haikaguliki. Zambia kuna tozo za barabara na kodi ya hewa ukaa, hizo lipia kupitia ajenti wako na udai risiti, dereva mpe hela ya mafuta na ya kula tu. Kwa upande wa Congo mzigo lazima uwe na FERI, cheti cha taarifa za mzigo unaoingia kinachotolewa chini ya OGEFREM, ofisi ya serikali ya Congo inayosimamia mizigo, na kinaombwa mapema, sio ukiwa umeshafika. Muulize mteja swali hilo siku ya kwanza kabisa mnayoongea, FERI ipo? Nani anailipia? Kasumbalesa foleni ni ndefu na haina ratiba, lakini tuna bahati moja kubwa, hati ni za Kifaransa ila mazungumzo ni Kiswahili, kuanzia kwa ajenti hadi kwa mpokeaji Lubumbashi, kwahiyo piga simu mwenyewe kila siku.

Mkataba uandikwe, hata kurasa mbili. Muhimu kuliko yote ni siku za kusubiri. Andika gari itasubiri siku ngapi bure boda na siku ngapi kwa mpokeaji, zikizidi ni dola ngapi kwa siku na nani analipa. Kisha hakikisha masharti uliyompa mwenye gari na uliyopewa na mteja yanalingana. Ukimuahidi mwenye gari siku 2 za bure wakati mteja umempa 5, hizo 3 katikati ni mfukoni kwako. Konteina nayo hivyo hivyo, kampuni ya meli inatoa siku kadhaa za bure halafu inaanza kuhesabu hadi konteina tupu irudi Dar. Kama mteja anakubali, kuvua mzigo Dar na kupakia kwenye tela moja kwa moja kunakuondolea presha hiyo, japo mizigo mingine haifai kufanyiwa hivyo.

Bei usiitoe kichwani. Chukulia mwenye gari kataka dola 4,000 na wewe unataka 300, usikimbilie kusema 4,300. Ongeza gharama za maajenti, tozo, benki, na akiba ya siku za foleni. Wenye magari wengi wanataka advansi ya zaidi ya nusu kabla gari haijatoka, na mteja anataka kulipa baada ya kuona karatasi ya kupokelea mzigo yenye muhuri. Hilo pengo utaliziba na nini? Kama huna jibu, chukua gari moja tu mwanzoni na umuombe mteja alipe angalau sehemu mzigo ukivuka Tunduma.

Mzigo wa kurudi uutafute gari ikiwa bado inakwenda. Shaba ya Katanga inashuka Dar kwa wingi, lakini wenye shaba wanachagua sana magari kwa sababu ya wizi, wataanza kukupa ukishakuwa na rekodi. Mwanzoni kubali gari irudi na mzigo mwepesi wa Zambia au hata tupu, bora hiyo hesabu uiweke kwenye nauli ya kwenda.

Na gari ikishavuka usimsahau ajenti wa Dar. Bondi yake inabaki imeshikiliwa mpaka mfumo uonyeshe mzigo umetoka Tunduma, kwahiyo muulize siku hiyo hiyo kama T1 imefungwa. Kama haijafungwa mtafute ajenti wako wa boda aifuatilie pale pale, maana T1 zikibaki wazi bondi inajaa, na mzigo wako unaofuata hataweza kuuchukua.