Mausi inayobofya mara mbili au isiyobofya kabisa: ninavyoitengeneza hapa Lamu

Wiki iliyopita maalim mmoja wa madrasa hapa Langoni aliniletea mausi yake imefungwa kitambaani kama kitu cha thamani. "Mwanangu," akaniambia, "mausi hini yanichosha. Naibofya mara moja, yafungua mara mbili. Nikiburuta faili, yaiachia njiani." Alikuwa anapanga karatasi za mtihani wa watoto, na nusu ya faili zilikuwa zimedondokea ndani ya folda za mwaka jana bila yeye kujua. Tuliketi barazani tukaitengeneza. Kwa kuwa yeye ni mtu wa nne kunijia na shida hiyo tangu upepo wa kusi ulipoanza, naandika hapa ninavyofanya, ili asiye na fundi karibu ajaribu mwenyewe.

Kubofya mara mbili bila kukusudia, kubofya kusikosikika, na kuachia kitu unachokiburuta ni ugonjwa mmoja wenye sura tatu. Mara nyingi chanzo ni swichi ndogo iliyo chini ya kitufe. Ila usifungue chochote kabla ya kuhakikisha.

Hatua ya 1: Ni mausi au ni kompyuta?

Chomeka mausi kwenye kompyuta nyingine. Ikikosea huko pia, mausi ndiyo mbovu.

Kama huna kompyuta ya pili, bonyeza Windows pamoja na R, andika main.cpl, kisha Enter. Litafunguka dirisha la mausi. Weka tiki kwenye kisanduku kinachobadilishana kazi za kitufe cha kushoto na cha kulia, halafu fanya kazi dakika chache kwa kutumia kitufe cha kulia. Kila kitu kikienda sawa, basi Windows haina kosa, swichi ya kushoto imechoka. Humo humo angalia kama kuna tiki kwenye kisanduku kinachofanya kitufe kibaki kimeshikwa baada ya kukibana kidogo. Kama ipo, iondoe. Nimeshaona mtu akinunua mausi mpya kwa sababu ya tiki hiyo.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kitelezi cha kasi ya kubofya mara mbili. Mimi nawakataza. Kitelezi hicho huiambia Windows ingoje muda gani kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili ili ihesabu kuwa umebofya mara mbili. Kwa kawaida ni milisekunde 500, na hata ukikivuta hadi mwisho wa kasi hakishuki chini ya 200. Swichi mbovu hurusha mbofyo wake wa pili ndani ya milisekunde chache tu. Kitelezi hakiwezi kuuzuia. Utakachopata ni kwamba wewe mwenyewe utashindwa kufungua folda kwa sababu vidole havina kasi hiyo.

Hatua ya 2: Kama haina waya

Badilisha betri. Kisha angalia kile kipokezi kidogo cha USB kimechomekwa wapi. Kikiwa ubavuni mwa flashi au diski iliyo kwenye tundu la USB 3, mausi itasitasita na kupoteza mibofyo, kwa sababu vifaa vya USB 3 hutoa kelele ya redio katika masafa yale yale ya gigahezi 2.4 ambayo mausi inayatumia. Kihamishie upande wa pili wa laptopu, au kiweke kwenye waya mfupi wa kurefusha. Kwangu mimi mausi ya waya ndiyo mausi. Haidai betri wala haigombani na flashi. Ina udhaifu mmoja tu, nao ni waya kukatikia ndani pale unapoingilia mwilini, na hilo utalijua kwa sababu taa huzimika ukiukunja na kompyuta hulia kama umeichomoa.

Hatua ya 3: Kuifungua

Chomoa waya au toa betri. Skrubu ziko chini ya zile nyayo laini zinazoteleza, na mara nyingine moja imejificha chini ya karatasi ya lebo. Pasha tumbo la mausi juani dakika kumi gundi ilegee, kisha bandua nyayo taratibu kwa kisu chembamba. Zibandike juu ya kitu safi cha plastiki, maana utazihitaji.

Hatua ya 4: Usiilaumu swichi kabla ya kuisikiliza

Mausi ikiwa imefunguliwa, ichomeke tena kwenye laptopu. Umeme wa USB ni volti 5, hauumizi. Usiguse kitu kingine cha chuma, chukua kijiti cha meno na ubofye swichi yenyewe moja kwa moja, mara ishirini hivi, ukiwa umefungua folda yenye faili nyingi.

Ikiwa inaitika sawasawa kila mara, swichi ni nzima. Tatizo ni kitufe cha plastiki cha juu. Kigeuze utazame ule mguu wake unaogonga swichi. Baada ya miaka, mguu hulika na kuwa na kishimo, hivyo unabana kitufe lakini hakifiki vizuri. Bandika kipande kidogo cha selotepu juu ya kishimo, umemaliza.

Futa na vumbi pia. Katika nyumba zetu za mawe vumbi la chokaa hudondoka kutoka darini baina ya boriti usiku kucha, laini kama unga, na lote hutua mezani. Mausi ya maalim ilikuwa na tabaka jeupe kuzunguka gurudumu, na gurudumu lilikuwa linazunguka kwa kukwaruza. Brashi ya rangi iliyo kavu inatosha.

Chomoa waya tena kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5: Ndani ya swichi

Hii ndiyo hatua iliyonila saa nyingi siku ya kwanza, kwa hiyo isome yote kabla ya kushika kisu.

Swichi ni kisanduku cheusi kinachoizidi punje ya hindi kidogo tu, na juu yake kuna kichwa cheupe au chekundu. Ndani mna vitu vitatu tu. Kuna kichwa hicho, kuna kibamba cha shaba chembamba kama ganda la kitunguu, na kuna pointi ambazo ncha ya kibamba huzigonga. Ukibana kichwa, kibamba hupinda, na kikifika mwisho wa uvumilivu wake ncha yake ya mbele huruka chini na kugonga pointi ya chini. Ule mlio wa "tik" ndio huo.

Chuma kikigonga chuma hudunda kabla ya kutulia. Hata swichi mpya hudunda, ila kwa muda mfupi sana, na saketi ya mausi imefundishwa kupuuza. Kibamba kikichoka, au pointi zikishika utando, mdundo hurefuka kupita kiasi kinachopuuzwa, na kompyuta inahesabu mbofyo wa pili. Utando ukiwa mnene, mbofyo haufiki kabisa. Umeme unaopita humo ni mdogo mno, hauna nguvu ya kuunguza utando huo kama ifanyavyo swichi ya taa ya nyumbani. Na hapa Amu, yaani Lamu, utando hauchelewi. Upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu hewani, na shaba inageuka kijani. Swichi ya maalim, nilipoifungua, ilikuwa na doa la kijani kibichi pembeni mwa kibamba, dogo kama kichwa cha sindano.

Sasa kufungua. Kifuniko cheusi kimeshikwa na vimeno viwili, kimoja kila ubavu. Ingiza ncha ya wembe chini ya kimoja, kiinue kiasi cha unene wa karatasi, kisha nenda upande wa pili. Usikifyatue! Kichwa cheupe hakijafungwa na chochote, kimekaa tu kwenye tundu la kifuniko. Mimi siku ya kwanza nilikifyatua, kikaruka, kikaangukia kwenye mkeka. Nilikitafuta tangu baada ya alasiri hadi adhana ya isha, kwa tochi, kwa sumaku (nacho ni plastiki, sumaku haina habari nacho), nikafagia chumba kizima. Nilikipata ndani ya kunjo la shati langu. Tangu siku hiyo nafanya kazi hii ndani ya sinia lenye taulo nyeupe, kitu kikiruka kinatua karibu na kinaonekana.

Kifuniko kikishatoka, usiondoe kibamba kama huna haja. Piga picha kwa simu kwanza, kwa karibu, kutoka ubavuni. Mara nyingi kusafisha kunatosha. Kata ukanda mwembamba wa kadi ngumu (mimi natumia kadi za mialiko ya harusi, zina ugumu unaofaa), uloweshe kidogo kwa spiriti, upitishe kati ya ncha ya kibamba na pointi, bana kibamba kidogo, kisha vuta ukanda. Rudia kwa ukanda mpya hadi utoke msafi.

Spiriti nayo ina mambo yake. Inayotakiwa ni isopropili ya asilimia 99. Ile ya duka la dawa huwa na maji mengi, na aina nyingine zimetiwa mafuta ya kulainisha ngozi, yakikauka yanaacha utando mbaya kuliko ule ulioutoa. Mimi naagiza Mombasa, inakuja na basi hadi Mokowe kisha inavuka na boti, na chupa moja inanitosha muda mrefu. Usitie manukato. Usitie mafuta ya cherehani. Na tafadhali usitie mafuta ya nazi: yanafaa kwa komeo la mlango, lakini kwenye pointi yanakamata vumbi la chokaa na kufanya ugoro. Msasa pia uache. Pointi zimepakwa tabaka jembamba la madini bora, ukilikwangua umebaki na chuma kitupu kitakachoshika kutu kabla kusi haijaisha.

Kibamba kikitoka, usikate tamaa. Kina mkato katikati unaofanya kama ulimi uliopinda. Kwa kibano, tanguliza ncha ya mbele kati ya pointi ya juu na ya chini. Kisha nasa mkia wake kwenye mhimili wa nyuma. Mwisho kabisa, sukuma ulimi kwa kijiti cha meno hadi ukae kwenye mfuo wa mhimili wa kati. Ukianza na ulimi hakikai, nilijaribu hivyo mara nisizozihesabu. Kikishakaa, kibane katikati kwa kijiti. Kinapaswa kusema "tik" na kurudi chenyewe. Kikibaki chini, ulimi haujaingia kwenye mfuo. Kikirudi bila mlio, mkia haujanasa.

Wako wanaopendekeza kuuzidisha mpindo wa ulimi ili kurudisha nguvu ya kibamba. Inafanya kazi, nimefanya, lakini shaba iliyopindwa upya huchoka haraka na utarudi hapa hapa. Fanya hivyo kama una kazi ya kumaliza leo na huna swichi nyingine.

Rudisha kichwa kwenye tundu la kifuniko, pindua kifuniko kwa kidole kimekishikilia, bana hadi vimeno viitike.

Hatua ya 6: Kama kusafisha hakukusaidia, hamisha swichi

Hapa unahitaji chuma cha kulehemu, waya wa risasi na pampu ya kunyonya risasi. Si lazima ununue swichi. Ya kitufe cha kulia ni mara nyingi aina ile ile na imefanya sehemu ndogo tu ya kazi, basi zibadilishane nafasi. Au ing'oe kwenye mausi iliyokufa kwa sababu nyingine. Situpi mausi, nina ndoo nzima.

Kila swichi ina miguu mitatu, na kichwa chake hakiko katikati, kimeegemea upande mmoja. Weka alama kwa kalamu upande huo kabla ya kung'oa, maana ukiipachika kinyume kitufe hakitabofya. Ongeza risasi mpya kidogo juu ya ile ya zamani ndipo unyonye, hutoka kwa urahisi zaidi. Usikae na moto kwenye mguu mmoja zaidi ya sekunde tatu nne, swichi ni plastiki na njia za shaba kwenye saketi hubanduka. Swichi ikae bapa kabisa kabla ya kulehemu mguu wa pili. Ikiinuka hata kidogo kitufe cha juu kitaibana muda wote.

Ukinunua mausi mpya, tafuta yenye swichi za mwanga. Ndani yake kitufe hukata mwale badala ya kugonga chuma, kwa hiyo hakuna pointi ya kudunda wala ya kushika chumvi. Bei iko juu, lakini kwa anayekaa ufukweni naiona halali.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kubandika nyayo

Funga skrubu, acha nyayo kando. Fungua hati ndefu, bana kitufe mwanzoni mwa maandishi, buruta polepole hadi kurasa tatu chini bila kuachia. Rangi ya uteuzi ikikatika hata mara moja, rudi hatua ya 5. Isipokatika, buruta faili moja kutoka folda hadi folda mara kumi.

Maalim alifanya jaribio hilo mwenyewe, na karatasi za mtihani, akizirudisha moja moja kwenye folda ya mwaka huu. Ya kumi na nne ilipoingia bila kudondoka nikabandika nyayo.