Jinsi ya kumkata Fudo Myoo kwenye stensili bila kumtoboa jicho

Zile printi za Yoshitoshi Mori, msanii wa Kijapani, zenye mistari minene myeusi kama masizi ya sufuria, hizo ni za stensili, yaani karatasi iliyokatwa matundu ya picha, Wajapani wenyewe wanaita kappazuri, na jamaa alianzia kwenye kupaka nguo rangi ndo baadae akahamia karatasi. Leo tunamchapa Fudo Myoo, mlinzi wa Kibudha mwenye hasira, upanga kulia, kamba kushoto, moto mgongoni, jino moja linatazama juu lingine chini. Amini usiamini huyu ni rahisi kuliko miungu wenye sura za upole, sura ya upole inataka vimistari vyembamba na stensili haivitaki kabisa.

Kitu cha kushika kichwani: pale unapokata ndo panapoingia gundi ya mchele, na penye gundi rangi haigusi, panabaki peupe. Kwahiyo mistari yako myeusi ni ile karatasi ULIYOIACHA. Na lazima yote ishikane! Mimi ya kwanza nilikata jicho vizuri kabisa nikainua karatasi, mboni ikabaki mezani, Fudo kipofu. Acha kijidaraja, mboni iungane na kope, meno yaungane na mdomo, miali ya moto nayo iguse mabega.

Karatasi ya stensili ya Kijapani ni ya mforosadi iliyopakwa maji ya matunda machanga ya kaki (persimmon), inakuwa ya kahawia na haiogopi maji. Iloweke kwanza ilainike ndo uilaze juu ya karatasi ya kuchapia.

Gundi sasa: unga wa mchele wa kunata na pumba laini za mchele, pumba zizidi kidogo, kanda na maji, tengeneza maduara kama donati yaive na katikati, pika kwa mvuke kama saa zima, halafu twanga ukiongeza chumvi na chokaa kidogo. Pakaza juu ya stensili kwa kadi ya plastiki, mkono mmoja mwepesi, usirudie rudie. Inua stensili taratibu, acha ikauke kabisa.

Rangi nyeusi changanya na maziwa ya soya, ndo yanashikisha rangi, paka kwa brashi fupi. Subiri siku kadhaa, usiwe na haraka, kisha laza kwenye beseni la maji, gundi itavimba na kuachia yenyewe, usisugue. Nyekundu ya moto paka mwishoni kwa mkono.