Düsseldorf ya Wajapani: ununue nini, ukipike vipi Tanga

Anayesafiri Ujerumani kutoka Tanga huagizwa chokoleti na manukato. Kama njia yako inapita Düsseldorf, acha nafasi ya kilo tatu nne begini kwa vitu vingine. Kampuni za Kijapani zilianza kuhamia mji huo miaka ya 1950 zikifuata chuma na mashine za bonde la Ruhr. Familia zikafuata nyuma, shule ya Kijapani ikafunguliwa mwaka 1971, na mwaka 1978 likakamilika jengo kubwa la Deutsch-Japanisches Center katika mtaa wa Immermannstraße. Ndiyo maana maduka ya pale yamepangwa kwa ajili ya mama wa Kijapani anayepika kila siku. Wewe pia unataka vitu vya kupikia, si vya kupambia kabati.

Kanuni ni moja tu: nunua kile ambacho soko la Mgandini na soko la samaki la Deep Sea, pale Tanga, hayawezi kukupa. Kingine chochote kitakuongezea uzito wa mzigo bure.

Kufika

Kutoka uwanja wa ndege panda treni ya S11 hadi stesheni kuu, Hauptbahnhof. Stesheni ina milango miwili mikubwa, na wageni wengi hukosea hapo hapo. Toka kwa upande wa Konrad-Adenauer-Platz. Ukijikuta Bertha-von-Suttner-Platz, umetokea nyuma. Rudi ndani uvuke. Ukisimama Konrad-Adenauer-Platz, Immermannstraße inaanzia mbele yako, na tangu 2021 jina la mtaa limewekwa kwa maandishi ya Kijapani pia. Usiishie barabara kubwa peke yake. Vichochoro vya Klosterstraße, Oststraße na Marienstraße vina maduka na mikahawa yake, na foleni huwa fupi kidogo.

Usipange kwenda Jumapili kama unataka kununua. Maduka ya Ujerumani hufungwa siku hiyo na utakuta mikahawa tu. Siku ya sherehe ya Japan-Tag, ambayo kwa kawaida huwa Mei au Juni, ni nzuri kwa kutazama fataki juu ya mto Rhine, lakini kwa manunuzi haifai, watu hufurika. Halafu kumbuka kwamba saa za vibaoni ni za Kizungu: 14:30 ni saa nane na nusu mchana, na mikahawa mingi hufunga jiko kuanzia hapo hadi jioni. Fika saa sita kasoro, ule, kisha uingie madukani tumbo likiwa limetulia. Mwenye njaa hununua kila kitu.

Kula, hasa kwa asiyekula nguruwe

Rameni, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu, ndiyo iliyoupa mtaa huo sifa, na hapo ndipo Mtanga Mwislamu anapotakiwa kuwa makini. Supu ya tonkotsu ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi hadi ikawa nyeupe kama tui. Zile zinazoitwa shoyu (sosi ya soya) au miso (soya iliyochachushwa na kusagwa ikawa nzito) zinataja kiungo tu, hazitaji mnyama. Chini yake mara nyingi kuna mchuzi wa nguruwe na kuku pamoja, na juu vipande vya nguruwe. Kumwambia mhudumu akuondolee nyama hakusaidii kitu, maana supu ni ile ile. Gyoza, ambazo kwa umbo ni binamu za sambusa, nazo kwa kawaida hujazwa nguruwe. Alama ya kukariri ni 豚: ukiiona kwenye menyu, ni nguruwe. Nyingine ni 酒, yaani kileo.

Salama zaidi ni wali wenye samaki wa kuchoma kwa chumvi, au tambi za udon na soba zenye mchuzi wa samaki. Ila mchuzi huo kwa kawaida una mirin, kiungo kitamu cha mchele ambacho kile cha asili kina kileo cha asilimia 14 hivi. Kikipikwa sehemu kubwa hutoka, lakini si chote. Uliza mapema: „Ist da Schweinefleisch drin? Ist da Alkohol drin?”, yaani je, humo kuna nyama ya nguruwe, kuna kileo? Wahudumu wamezoea swali hilo.

Bakuli moja la rameni mara nyingi hupita euro 12. Beba noti, kwani baadhi ya migahawa midogo haipokei kadi. Kufyonza tambi kwa sauti si utovu wa adabu. Kuchomeka vijiti wima kwenye wali ndiyo mwiko, kwa kuwa Wajapani hufanya hivyo kwa ajili ya wafu.

Dukani: soma kibandiko kabla ya picha

Bidhaa ya nje ikiuzwa Ujerumani lazima iwe na maelezo ya Kijerumani, kwa kawaida kibandiko cheupe nyuma ya pakiti. Tafuta Schwein (nguruwe), Schmalz (mafuta ya mnyama, mara nyingi nguruwe), Gelatine (gelatini, mara nyingi ya nguruwe) na Alkohol (kileo). Neno Branntweinessig huwatisha watu kwa sababu lina „wein”, yaani divai, ndani yake, lakini hiyo ni siki tu.

Kosa linalotupisha watu chakula kizima ni la tarehe. Kibandiko cha Kijerumani huanza na siku, lakini mhuri wa Kijapani huanza na mwaka. Pakiti iliyopigwa 27.03.09 inamaliza muda wake tarehe 9 Machi 2027. Ukiisoma kwa mazoea ya nyumbani utaona 2009 na kuirudisha rafuni.

Sasa vyenyewe. Anza na kombu, mwani mkavu mnene wa kuchemshia supu, na katsuobushi, yaani samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi, akakaushwa hadi akawa mgumu kama gogo, kisha akarandwa kuwa nyuzi. Viwili hivi ni vyepesi, vinakaa miezi, na ndiyo msingi wa karibu kila mchuzi wa Kijapani. Mtu atasema mwani tunao wa kutosha, unaanikwa pwani yote hii. Tunao, lakini ni jamii nyingine, ile inayouzwa viwandani kutengenezewa kitu cha kufanya vyakula viwe vizito. Ukiuchemsha hauleti ladha ya kombu, na haukunjiki kama nori, ule mwani wa karatasi wa kukunjia wali.

Nori chukua pakiti mbili za karatasi kumi kumi. Miso chukua nusu kilo, ya rangi ya kahawia isiyokolea, ndiyo inayokubaliana na samaki wetu. Sosi ya soya iache: ipo Dar, na ile ya Kikkoman unayoiona Ulaya nyingi hutengenezwa Uholanzi, kiwanda kilichofunguliwa 1997. Wasabi ya kwenye tyubu, kile kiungo kikali cha kijani, ni bei rahisi kwa sababu sehemu kubwa ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi ya kijani. Nunua kwa kufurahisha watoto wakubwa, si kwa sifa. Ufuta, tangawizi, biringani na bamia usiguse hata kidogo. Mchele wa punje fupi chukua kilo moja tu, na iwe unakusudia kukunja sushi, maana mchele wa Mbeya kwa uzuri wake wote haushikani vya kutosha. Mwingine unaouzwa huko kama wa sushi umelimwa Italia, hivyo usilipie jina.

Kikaango cha takoyaki chenye vishimo kitakuvutia. Kiache. Sababu iko chini.

Kisu ndicho kitu kimoja cha thamani kinachostahili pesa, hasa kwa mtu anayepara samaki kila siku. Santoku ya milimita 165 hadi 180 inatosha nyumba nzima. Muuzaji atakusifia chuma cha kaboni kwa makali yake, na hasemi uongo, ila Tanga hewa ina chumvi: kisu cha kaboni kilichokatia ndimu na kuachwa nusu saa kinaanza madoa, kikilala na maji kinaamka na kutu. Chukua kisichoshika kutu, na kinoo cha maji cha namba 1000.

Kodi na mzigo

Anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa kodi ya mauzo, mradi risiti ya duka moja imepita euro 50. Omba fomu palepale, onyesha pasipoti. Uwanjani ndipo watu hupoteza haki yao: wanakabidhi begi kwanza, kisha wanakwenda forodha mikono mitupu. Ofisa anataka kuona bidhaa. Kisu lazima kiende kwenye mzigo wa chini ya ndege, kwa hiyo pita forodha na begi lako lote, ugongewe mhuri, ndipo ukalikabidhi.

Miso nayo huhesabiwa kama kimiminika. Ikizidi mililita 100 kwenye begi la mkononi, itabaki kwa walinzi. Ifunge mifuko miwili ya plastiki, uiweke katikati ya nguo. Nori iweke juu ya vyote ndani ya kopo gumu, la sivyo utafungua unga.

Pweza kwenye chuma cha vitumbua

Takoyaki ni chakula cha barabarani cha Osaka: donge la unga laini lenye kipande cha pweza ndani. Kikaango chake ni chuma chenye vishimo vya mviringo. Ukikitazama vizuri, ni chuma cha vitumbua chenye vishimo vidogo. Kwa hiyo unacho tayari, na pweza wa kwetu wamejaa.

Tengeneza mchuzi wa dashi kwanza. Lita 1 ya maji, gramu 10 za kombu. Loweka nusu saa, kisha pasha moto mdogo. Povu dogo dogo likianza kupanda kando ya sufuria, toa kombu. Ukiiacha ichemke mchuzi unateleza na kuwa na uchungu. Acha maji yachemke, zima moto, tia gramu 20 za katsuobushi, subiri dakika mbili, chuja kwa kitambaa bila kukamua.

Chukua nusu lita ya mchuzi huo ukiwa umepoa. Changanya na mayai 2, unga wa ngano gramu 150, sosi ya soya kijiko kimoja cha chai na chumvi kidogo. Rojo litakuwa jepesi kama uji wa mgonjwa, na hapa ndipo mpishi wa vitumbua anaposhikwa na wasiwasi na kuongeza unga. Usiongeze. Ukifanya hivyo unapata andazi lenye pweza. Takoyaki nzuri ni ngumu nje na laini ndani, karibu kama uji.

Pweza gramu 200 awe amepondwa na kuchemshwa hadi akalainika, akatwe vipande vya sentimita moja na nusu, akaushwe kwa kitambaa. Akiwa na maji, mafuta yatakurukia. Andaa na vitunguu majani vilivyokatwa na tangawizi kidogo.

Jiko la mkaa liwe la makaa yaliyokolea na kupungua, si yenye ndimi. Paka mafuta mengi kila kishimo, subiri moshi mwembamba uanze kutoka. Chuma kikiwa na ubaridi, rojo hushika na hutalibandua hata kwa dua. Jaza vishimo robo tatu, tia vipande viwili vya pweza kila kimoja kwa kuwa vishimo vyetu ni vipana, nyunyiza vitunguu na tangawizi. Dakika mbili hivi, kingo zikianza kuganda, ingiza kijiti cha mishikaki pembeni na uzungushe robo tu, si nusu kama kitumbua. Rojo bichi litamwagika chini. Ongeza kijiko kimoja kujazia pengo, subiri dakika moja, zungusha tena robo. Hivyo ndivyo duara linavyojifunga. Ukigeuza mara moja tu, unapata bakuli lililofunikwa kifuniko, halafu linapasuka. Endelea kuzungusha dakika nne tano hadi ngozi iwe ya kahawia na kijiti kikiligusa liteleze lenyewe.

Sosi ya juu unaweza kuitengeneza: vijiko vitatu vya sosi ya soya, vitatu vya tomato sosi, kimoja cha sukari, na kijiko cha chai cha ukwaju mzito, vichemke dakika mbili. Mwagia, kisha nyunyiza katsuobushi iliyobaki. Nyuzi hizo zitacheza kwa mvuke kama ziko hai, na watoto watapiga kelele. Waambie wasubiri: ndani kuna moto kuliko nje.

Vya kuhifadhi na visivyoliwa vibichi

Samaki wa Deep Sea usimle mbichi kwa sababu tu umepata wasabi. Kanuni za Ulaya zinataka samaki wengi wa kuliwa wabichi wagandishwe kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, ili minyoo ife, na baridi hiyo ifike katikati ya mnofu. Friza ya nyumbani, umeme ukikatika mara mbili, haifiki hapo. Jodari aliyekaa juani huleta sumu ambayo wala kupika wala kugandisha hakuiondoi. Kunja nori yako kwa samaki wa kukaanga, kamba wa kuchemsha au embe bivu.

Miso ikifunguliwa ikae kwenye friji, karatasi imelalia juu yake ili isikauke. Nori ndiyo yenye taabu msimu wa masika: ikiachwa wazi asubuhi moja inalegea na kutafunika kama ngozi. Ihifadhi kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vijaluba vya kunyonya unyevu vilivyokuja nayo. Ikilegea, ipitishe upesi juu ya mkaa, upande mmoja mmoja, sekunde mbili tatu, hadi rangi igeuke kutoka nyeusi kuwa kijani na ivunjike kwa mlio.