Kuuona Kilimanjaro kutoka dirishani mwa ndege: upande, saa na siti

Abiria anayetua bila kuuona Mlima Kilimanjaro, mara nyingi aliukosa tangu siku ya kukata tiketi. Alichukua siti ya upande wa pili, au ndege ya saa nane mchana. Rekebisha hayo mawili na kazi kubwa imekwisha.

Tuanze na upande. Kutoka Dar es Salaam au Zanzibar kwenda Nairobi, mlima uko kushoto. Ukirudi, uko kulia. Njia iliyonyooka ya Dar–Nairobi hupita mashariki ya kilele kwa kilomita 30 hivi, na kwa mlima wa kimo hiki huko ni kupita mlangoni. Mombasa–Nairobi nayo ni kushoto kwenda na kulia kurudi, ila kwa umbali wa kama kilomita 100. Nairobi kwenda KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mlima uko kushoto na Mlima Meru kulia. Ukiruka KIA kwenda Dar au Zanzibar, kaa kushoto na usishike simu kuchati, maana mlima unaonekana dakika za mwanzo tu kisha unabaki nyuma. Dar kwenda KIA, kaa kulia na subiri ndege ianze kushuka.

Kushoto hapa ni kushoto kwa mtu aliyekaa akitazama chumba cha rubani. Wanaochagua siti kwa simu hukosea hapo, kwa sababu ramani nyingine huonyesha pua ya ndege juu na nyingine pembeni. Herufi A karibu kila mara ni dirisha la kushoto. Dirisha la kulia ni herufi ya mwisho ya safu, F au D kulingana na ndege. Chagua siti mara kuchekini mtandaoni kunapofunguliwa, na kama siti ya dirishani inalipiwa, kwa njia hizi inastahili pesa yake. Shirika likibadilisha ndege dakika za mwisho siti huchanganyika, basi isome upya boding pasi kabla ya kupanda.

Kwenye pangaboi, yaani ndege za panga linalozunguka kama ATR na Bombadia, bawa liko juu ya madirisha, hivyo halizuii kutazama chini. Kinachozuia ni injini, na ukikaa katikati utatazama chuma safari nzima. Nenda theluthi ya nyuma. Kwenye jeti bawa liko chini: kaa mbele yake. Nyuma ya bawa panafaa pia, ila hewa ya moto ya injini huifanya picha icheze. Safu chache zina ukuta mahali pa dirisha ingawa zinauzwa kama siti za dirishani. Ukiangukia hapo, mwombe mhudumu akuhamishe kabla milango haijafungwa.

Saa ina uzito kuliko msimu. Misitu ya mlimani ina unyevu mwingi. Jua likipanda, hewa yenye unyevu hupanda na miteremko na kugeuka wingu, na kufikia saa tano asubuhi mara nyingi kilele kimefunikwa. Ndege ya kuondoka kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi (06:00 hadi 08:00 kwenye tiketi) ndiyo bora. Ya pili kwa ubora ni ya jioni kabla ya magharibi, mawingu yanapoanza kutulia. Januari na Februari, na Juni hadi Oktoba, ni miezi mizuri. Masika, Machi hadi Mei, ni bahati nasibu.

Usikate tamaa ukiambiwa mji wa Moshi, chini ya mlima, kumefunga mawingu. Mwezi wa Julai mtu wa Moshi anaweza kukaa siku kadhaa bila kuuona mlima, kumbe wingu lenyewe ni tandiko lililolala chini sana ya kilele. Aliye angani huona Kibo, kilele kikuu cha mlima, kimesimama peke yake juu ya weupe huo, na kwa macho yetu huo ndio mwonekano unaoshinda yote, hata ule wa siku isiyo na wingu.

Fikiria na mwanga. Asubuhi, kwenye Dar–Nairobi, jua liko mashariki, upande wa pili wa ndege, kwa hiyo linaangaza uso wa mlima unaoutazama. Nairobi–KIA asubuhi unatazama jua: utapata kivuli cheusi cha mlima, na kila mkwaruzo wa kioo utawaka.

Anza kutazama mapema. Ukitoka Nairobi kwenda Dar, dakika ya 15 baada ya kuruka uwe umeshageukia dirishani. Ukitoka Dar, dakika ya 30. Rubani anaweza kuelekezwa njia nyingine au kukwepa mvua, kwa hiyo unapopanda muulize mhudumu: "Samahani dada, leo mlima utakuwa upande gani?" Wengi watamuuliza rubani kwa niaba yako.

Kinachotokea kwanza kwa anayetoka Dar ni vilele viwili: Kibo kushoto, kipana na bapa juu, na Mawenzi kulia, kilichochongoka na kuvunjikavunjika, mita 5,149. Kati yao kuna uwanda mkavu wa rangi ya udongo. Ndege ikifika sambamba, Mawenzi huja mbele ya Kibo. Ikishapita, vinabadilishana pande. Usitegemee kofia nyeupe ya kwenye kalenda. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha, na wakati wa kiangazi utaona mapande yaliyotengana, yenye kingo zilizosimama wima. Weupe uliosambaa ni theluji mpya ya baada ya mvua.

Sikiliza rubani akitaja kimo. Kilele cha Uhuru, sehemu ya juu kabisa ya Kibo, ni mita 5,895, sawa na futi 19,341. Pangaboi ikiwa futi 21,000, umekizidi kilele kwa mita 500 tu, na mlima unakutazama usoni. Kwenye jeti ya futi 35,000 unautazama kwa juu, na hapo ndipo unapoona mduara wa kreta, yaani mdomo wa volkano, na ndani yake Shimo la Majivu.

Kwa picha: zima flashi, pangusa kioo cha ndani kwa kitambaa laini, sogeza simu karibu na kioo bila kuigandamiza, kwani mtetemo wa ndege huingia kwenye picha. Funika pembeni kwa mtandio au koti jeusi ili taa za ndani zisirudi kwenye kioo. Kitundu kidogo chini ya dirisha hukusanya barafu, piga juu yake. Miwani ya polaroidi na filta zake hutia rangi za upinde wa mvua kwenye plastiki ya dirisha, vua. Gusa mlima kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ifunge, kisha punguza mwanga kidogo, la sivyo theluji itatoka kama karatasi tupu. Panga la injini likionekana limepinda kwenye picha, simu haijaharibika: kamera husoma picha mstari kwa mstari huku panga likizunguka. Hamia safu ya nyuma zaidi kama kuna siti tupu na taa ya mkanda imezimwa.