Mabaki ya jikoni yawe mboji, hata kwa jua hili la Dodoma

Jamani ile mifuko mbadala ya kitambaa-kitambaa tunayobebea nyanya sokoni Majengo tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 msiitupie kwenye mboji (mbolea ya mabaki yaliyooza), haiozi, ni plastiki tu ile. Hata inayouzwa kama ya kuoza, mingi inataka joto kali la kiwandani. Mi natumia ndoo ya rangi yenye mfuniko, chini natandika gazeti, humo maganda ya ndizi, mashina ya mchicha, majani ya chai, ila nyama hapana, mbwa watakuamsha usiku. Ikijaa namwaga shimoni kivulini, nafunika na majani makavu mara mbili yake, halafu maji, maana kiangazi chetu usipomwagia inakauka kama ubuyu. Ukiishika iwe na unyevu kama tambara lililokamuliwa. Kila wiki igeuze.