Somo: Kurudi kijijini Dodoma baada ya miaka ya Dar

Nilirudi Chamwino baada ya miaka 14 ya mjini. Naandika nilivyofanya, na pale nilipoteleza.

Hatua ya 1: Nenda kwanza Oktoba, bila mizigo. Ukienda Machi, mlenda umejaa shambani na makorongo yana maji, utadanganyika. Huku mvua ni msimu mmoja tu, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Oktoba ndipo utajua maji yanachotwa wapi. Nilipanga ndoo mbili kisimani saa kumi na moja alfajiri, zamu yangu ikafika saa tatu. Jioni ile ile fedha ya makochi ikawa ya simtanki na gata za bati.

Hatua ya 2: Ardhi, hata kama ni ya baba. Kaa na ndugu waliobaki. Wao ndio waliolinda mipaka wakati wewe unatuma elfu ishirini kwa simu. Mimi nilianza kumwaga mawe ya msingi kabla ya kumuuliza kaka. Hatukusemeshana miezi miwili. Mkielewana, andikeni, majirani wa mipaka washuhudie, kisha mwende kwa mtendaji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, msimamizi ni halmashauri ya kijiji, na unaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Karibu na mji kuwa macho zaidi: tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma 2016, madalali hawalali.

Hatua ya 3: Lima kidogo. Ekari moja ya uwele au mtama, alizeti pembeni. Mahindi waachie wenye mabonde. Na utafute mapema wa kuamia, yaani kufukuza ndege wala nafaka, kwelea kwelea.

Hatua ya 4: Misiba. Nenda, pasua kuni.

Maswali ya wanachama

*Kaka, nianze na zabibu?*
Hapana, mdogo wangu. Nguzo, dawa na maji vinakula fedha kabla mzabibu haujakulipa. Subiri uwajue wanunuzi.

*Shikamoo. Mke wangu ni Mchaga, Kigogo hajui hata neno.*
Marahaba. Aanze na salamu: mtu mmoja ni "mbukwa", wengi ni "mbukwenyi". Wangu wa Tanga alimwambia "mbukwenyi" mtoto mmoja mchunga mbuzi. Mtoto akageuka nyuma kutafuta wenzake.